Saa moja, kadi mbili

Mafundi wenzangu wa Mbeya, ping pekee haitoshi kupima mtandao wa mashine zinazoamrishana kwa wakati halisi. Ping, programu ndogo ya kupima mtandao aliyoiandika Mike Muuss mwaka 1983, inakupa muda wa kwenda na kurudi, basi. Kama kuchelewa kumetokea wakati wa kwenda au wa kurudi, hutajua.

Ukijaribu kupima safari ya kwenda tu kwa kompyuta mbili, saa zinakukwamisha. Kristali inayoendesha saa ya kompyuta, ikiwa na kosa la sehemu 50 kwa milioni hupotoka mikrosekunde 50 kila sekunde, zaidi ya sekunde 4 kwa siku. Na pakiti (kifurushi cha data) kubwa ya kawaida ya Etheneti, yaani mtandao wa kebo, kwenye kebo ya megabiti 100 hupita kwa mikrosekunde 123 hivi. Oanisha saa, hesabu moja, mbili, tatu: kosa limeshaizidi pakiti yenyewe! PTP, itifaki ya kuoanisha saa kupitia mtandao, inatibu hilo, lakini swichi (vifaa vya kuunganisha kebo za mtandao) zinazoiunga mkono ni ghali.

Mimi natumia kompyuta moja. Ni ya mezani, ya mtumba, niliinunua Mwanjelwa nikaiongezea kadi ya pili ya mtandao. Pakiti inatokea kadi hii, inapita kwenye swichi, inaingilia kadi ile. Saa ni ileile. Ila Linux, mfumo unaoendesha kompyuta hiyo, ikiona anwani zote mbili ni zake, inaipitisha pakiti ndani kwa ndani bila kugusa kebo, kwa hiyo tenganisha kadi kwa amri ya `ip netns`, kila moja ionekane kama iko kwenye mtandao wake. Halafu chomoa kebo: pakiti zikiendelea kufika, hujatenganisha. Kadi nyingi pia hulimbikiza pakiti kabla ya kumshtua prosesa, na lawama inaiangukia swichi bure. Zima tabia hiyo kwa `ethtool -C`, kama kadi yako inakubali. Kisha pima kwanza kadi kwa kadi, bila swichi, upate pa kulinganishia.

Wastani siuangalii sana. Natafuta pakiti iliyochelewa kuliko zote, maana hiyo ndiyo inayosimamisha mkanda wa kiwandani. Katika kiwanda kimoja cha chai Rungwe niliacha kipimo kiende zamu nzima. Wastani ulikuwa mzuri kabisa, lakini vilele vya ucheleweshaji vilipanda kila picha za kamera za ulinzi zilipoingia swichi ileile. Pakiti kumi kubwa zikitangulia kwenye foleni, amri ya mashine inasubiri zaidi ya milisekunde 1. Niliwaonyesha grafu, kamera zikahamishiwa swichi yake, vilele vikashuka.