Siku Mama Alipoonja Roketi

Mama alikuja Nairobi Machi 2020 kuonwa na daktari wa macho, akanuia kurudi Vihiga mara akishamaliza. Kisha tarehe 6 Aprili serikali ikafunga njia za kuingia na kutoka Nairobi kwa sababu ya korona. Akabaki kwangu Kangemi, ghorofa ya tatu, bila shamba, bila ng'ombe, bila mtu wa kusalimiana naye uani asubuhi.

Hakulalamika. Alikaa karibu na dirisha, akapiga simu nyumbani kuuliza kama maharagwe yamepaliliwa, kisha akanyamaza. Jikoni alikataa kabisa kuingia. Alisema jiko ni langu na yeye ni mgeni tu. Huyu ndiye aliyetulea sote kwa sufuria zake, na neno hilo la mgeni lilinikaa moyoni vibaya.

Jirani wetu wa ghorofa ya chini alikuwa amekodi shamba Wangige, akilima mboga za kuuzia mikahawa: letasi, dhania na roketi. Mikahawa ilipofunga milango, mboga ziliendelea kukua. Na roketi haina subira. Ukiipanda mbegu, wiki nne hadi sita majani yako tayari kuchumwa. Ukichelewa na jua likizidi, inarefuka shina, inatoa maua, na majani yanageuka machungu. Basi jioni moja, kabla ya kafyu ya saa moja usiku, alipita mlango kwa mlango na kreti akigawa bure. Kwetu aliacha fungu la kujaza karai.

Mimi roketi nilikuwa nimeionea juu ya piza tu. Niliiweka mezani na kuanza kukata kitunguu, niikaange kama sukuma wiki. Mama akainuka dirishani, akaja.

Alichukua jani moja akaligeuza huku na huku. Lilikuwa refu, jembamba, kingo zake zimeingia ndani na kutoka. Akavunja bua kwa ukucha wa kidole gumba, likalia ta. "Zimechumwa leo hizi," akasema. Akalisugua jani kiganjani, akanusa, akalitia mdomoni na kulitafuna polepole, macho ameyafumba. Akameza. Akangoja kidogo.

"Kwanza ni tamu kama njugu. Halafu inauma." Akachukua la pili.

Nilikuwa nimeshawasha gesi. Akanyosha mkono akaizima.

"Hii haitaki moto, mwanangu."

"Mama, ni mboga. Tutaila mbichi?"

"Sagaa naichemsha, naitia maziwa, nailaza hadi kesho, kwa sababu uchungu wake ni mwingi na lazima upunguzwe. Huu wa hii ni mdogo. Ukiutoa, utakula nini?"

Baadaye nilisoma na kukuta alikuwa sahihi kabisa. Roketi ni ukoo mmoja na sukuma wiki, kabichi, figili na haradali. Ule ukali haukai tayari ndani ya jani. Hutokea jani linapokatwa au kutafunwa, pale kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kemikali, kinapokutana na kemikali iliyokuwa imetengwa nacho. Ukichemsha, kimeng'enya kinaharibika kabla hakijafanya kazi yake, na unabaki na majani yaliyolegea, hayana ladha ya maana. Mama aliyajua haya kwa ulimi wake tu, tena kwa majani mawili.

Akachukua leso yake kitini, akajifunga kiunoni, akaniuliza ndengu ziko wapi.

Naikumbuka ile ndengu hatua kwa hatua, maana nilisimama pembeni nikitazama kama nilivyokuwa nikimtazama utotoni. Alizichagua juu ya sinia, akatoa mawe, akaziosha na kuzibandika bila chumvi mpaka zikaanza kupasuka. Kwenye sufuria nyingine alikaanga kitunguu hadi kikawa cha kahawia, akatia saumu iliyopondwa, bizari kidogo na nyanya, akaziacha nyanya zivunjike kabisa. Ndengu zikaingia na maji yake, chumvi ikafuata. Zilipokuwa nzito alizima moto. Ndipo akatupia roketi, konzi mbili kubwa, nzima nzima bila kukata, akageuza mara moja na kufunika. Alipofunua, majani yalikuwa yamelala lakini bado kijani kibichi, na mabua yanavunjika menoni. Akakamulia ndimu, tukala kwa chapati.

Majani mengine aliyachanganya na kitunguu, nyanya na chumvi kama kachumbari, akayaweka kando ya ndengu. Naipenda ndengu ile kuliko chakula chochote cha mkahawa nilichowahi kulipia, na nasema hivyo kwa dhati. Ukali unakuja nyuma ya utamu wa ndengu, unakuamsha, unataka tonge lingine.

Roketi zilizobaki alizikung'uta maji, akazifunga kwenye kitambaa safi na kuziweka chini kabisa ya friji. Asubuhi tulizila na mayai ya kukaanga: yai likishaiva, majani juu, basi.

Ila kabla ya kulala usiku ule alinituma chini na bakuli la ndengu lililofunikwa. Jirani aliniambia mlangoni kwamba amelima roketi miaka mingi na nyumbani kwake haijawahi kupikwa. Watoto waliionja mara moja mbichi, wakatema.

Kesho yake mchana akapanda ngazi mwenyewe, barakoa usoni, akasimama mbali kidogo na mlango. Bakuli lilirudi limejaa roketi nyingine, na juu yake mayai manne.

"Mama, watoto wamelamba bakuli," akasema. "Nimetumwa niulize. Majani yanaingia saa ngapi, na moto uwe wa kiasi gani?"

"Moto uwe umezimwa," Mama akamjibu, bado na leso kiunoni. "Na mwambie aliyekutuma asikate. Ngoja, ingia jikoni nikuonyeshe. Hapana, korona hii. Simama hapo hapo, nitapika mlango ukiwa wazi."