Gari lilivyoacha kuchemka kwenye mlima wa Kadutu

Hapa Bukavu, kila nilipopanda Kadutu na abiria wanne, mshale wa joto ulinitangulia kufika juu. Fundi mmoja wa barabarani akaniambia, "Papa, injini imekufa." Sikumwamini.

Nilingoja asubuhi, gari likiwa baridi kabisa, nikafungua kifuniko cha rejeta, lile tangi la mbele linalopoza maji ya injini. (Likiwa moto usithubutu, maji yatakurukia usoni.) Nikaingiza kidole, kikatoka na tope jekundu, zito kama mawese. Kosa langu: miaka miwili naongeza maji ya bomba tu, kutu ikajilia.

Nikaweka beseni, nikalegeza koki ya chini, nikamwaga yote. Nikajaza maji safi, nikafungua hita, ile ya kupasha joto ndani ya gari, hadi mwisho ili maji yazunguke na huko, nikawasha injini robo saa, nikazima, nikangoja ipoe, nikamwaga. Mara ya kwanza yalitoka kahawia, ya pili kama chai, ya tano ndiyo yakawa meupe. Thamostati, ile vali inayofungua njia ya maji yakipata moto, niliichomoa nikaichemsha kwenye sufuria ya zamani: haikufunguka hata kidogo. Nikanunua nyingine.

Mwisho nikatia nusu kulanti (dawa ya kupozea injini), nusu maji yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea betri (si asidi!). Kifuniko nilikiacha wazi, injini ikinguruma, mpaka mapovu yakaisha. Kulanti iliyomwagika nikaifuta haraka. Ni tamu, na inaua mbwa.

Jumamosi nikapanda Kadutu. Mshale ulibaki katikati. Mama mmoja nyuma akalalamika anaungua: hita nilikuwa nimeisahau wazi.