Sifuri Niliyoikata kwa Mstari

Katika msimu wa mvua wa mwaka 1963 nilikuwa kibarua wa kuhesabu miche katika Msitu wa Budongo, magharibi mwa Uganda, na siku ninayotaka kuieleza ni ile niliyoandika sifuri mahali palipokuwa na miche 41.

Budongo ulikuwa msitu wa mbao na papo hapo msitu wa utafiti. Mikangazi ilikuwa ikivunwa humo tangu miaka ya 1920, nasi kambini tuliiita mahogani tu. Jina la mkangazi nililipata baadaye kwa Watanganyika. Swali la wataalamu lilikuwa moja: mkangazi ukishaangushwa, ni mti gani utakaoshika nafasi yake? Mwaka 1947 mtaalamu wa misitu W. J. Eggeling alikuwa amechapisha maelezo ya namna msitu ule unavyojibadilisha, kwamba msitu mchanga huanza kwa kuivamia mbuga ya nyasi, ukafuatwa na msitu mchanganyiko wenye mikangazi mingi, na mwishoni mti uitwao muhimbi hutawala, kwa kuwa miche yake huweza kukua katika giza ambalo miche mingine hufia. Kwa mwenye kiwanda mwisho huo ulikuwa hasara tupu, maana muhimbi ni mzito na mgumu mno, na misumeno ya wakati ule haikuuweza kwa faida.

Kwa hiyo msitu haukufyekwa wote ili upandwe upya. Mikangazi michache mikubwa iliachwa imesimama iwe miti mama ya mbegu, sehemu ya kivuli ikabakizwa juu, na miti iliyohesabiwa kuwa haina faida ikauawa ili mwanga ushuke kwa kiasi. Kiasi hicho ndicho kilichokuwa kazi yenyewe. Mche wa mkangazi huvumilia kivuli kwa muda, lakini haurefuki ipasavyo mpaka upate mwanga. Nao mwanga ukimwagika wote kwa mara moja, mimea itambaayo huamka kabla yake na kuufunika. Ndiyo maana hapakuguswa mti wowote kabla ya kuhesabu kilichokwisha kuota chini.

Kikundi chetu kilikuwa na watu watano. Kiongozi alikuwa mzee mmoja kutoka Kongo aliyekuja Budongo kutafuta kazi ya msumeno, na Kiswahili chake ndicho kilichotuunganisha, kwa sababu wengine walitoka West Nile, Rwanda na Sudani, na kila mmoja alikuwa na lugha yake. Tulivuta mnyororo wa kupimia, wenye urefu wa futi 66, tukapigilia vigingi kwenye pembe za kila kipande, kisha mmoja akainama kutafuta miche na kutaja idadi, na mwingine akaandika. Siku hiyo mzee alinipa kazi zote mbili, nadhani kwa kuwa nilikuwa nimeanza kujiona mjuzi.

Kipande chenyewe kilikuwa chini ya mkangazi mama, hatua chache kutoka shinani. Ardhi ilikuwa imetapakaa maganda magumu ya matunda yaliyopasuka na mbegu bapa zenye ukingo mwembamba kama karatasi. Nilijua jani la mkangazi: kikonyo kirefu chenye vijani vilivyopangwa jozi kwa jozi pande zote mbili. Nikapekua kwa magoti, huku maji ya mvua yakinitiririkia shingoni na mbega wakinguruma mbali, na jani la namna hiyo sikuliona hata moja. Nikaandika sifuri kwa mwandiko mzuri, nikasogea kwenye kipande kilichofuata.

Mzee alilitazama daftari, akatazama juu kwenye mkangazi, kisha akanirudisha.

“Mama kama huyu, na watoto hana?” aliuliza.

“Nimetafuta vizuri, mzee. Hakuna.”

“Umetafuta watu wazima, kijana. Inama tena.”

Akachuchumaa, akafukua kwa kidole pembeni ya kimea chenye majani mawili tu, yanayotazamana, kila moja likiwa jani zima lisilogawanyika. Chini ya udongo palikuwa na mbegu ile ile bapa, bado imeshikamana na mzizi. Majani ya kwanza ya mkangazi, kumbe, hayafanani na ya mti mzima. Yale ya jozi jozi huja baadaye. Vimea vya namna hiyo nilikuwa nimevikanyaga tangu asubuhi. Nilihesabu upya kwa aibu, nikapata 41, bila kutia vile vilivyokuwa chini ya alama za viatu vyangu.

Nilipotaka kuifuta sifuri, mzee alinikataza. Kosa katika daftari la utafiti hukatwa kwa mstari mmoja ili lisomeke, tarakimu sahihi huandikwa kando, na aliyekosea hutia herufi za jina lake. Nikafanya hivyo.

Kama sifuri ingebaki, pengine kipande kile kingehesabiwa kuwa hakina uzao, na labda kingeingizwa katika mpango wa kupanda miche ya kitaluni kwa mistari, ambayo tembo na funo waliipenda kuliko sisi. Kwa kuwa kulikuwa na miche 41, uamuzi ulikuwa kuifungulia mwanga. Baada ya wiki kadhaa mihimbi sita iliyokizunguka kipande hicho ilikuwa na alama ya rangi nyeupe. Katika fomu iliandikwa miti ya magugu, na neno hilo halijanikaa vizuri mpaka leo, kwa maana mmojawapo sisi watano hatukuweza kuukumbatia kwa kuungana mikono.

Kazi ya kuiua ilitufikia sisi wenyewe. Gome lilichanjwa kwa panga kulizunguka shina lote, kisha katika mkato tukamimina mchanganyiko wa dawa za 2,4-D na 2,4,5-T katika dizeli, kwa mikono mitupu. Mti haukuanguka, ulikauka ukiwa umesimama, ukadondosha majani taratibu, na mwanga ukafika chini kidogo kidogo, kama ilivyotakiwa. Mzee alinipa panga nianze na ule mkubwa. Pigo langu la kwanza liliruka na kunirudia, likiacha kwenye gome mchubuko usiozidi upana wa ukucha.