Baba watoto yuko Muscat, maamuzi ya nyumba yako Muheza

Watu wakisikia mume kaenda Uarabuni wanawaza hela tu. Anatuma? Anatuma kila mwezi? Rial siku hizi inakwenda shingapi? Hakuna anayekuuliza, sasa we huko nyumbani ukitaka kukata mti, kuuza mbuzi au kumsimamisha fundi, anayesema ndiyo ni nani? Na kwa muda huu wote mwenzangu yuko Oman, hilo ndo limenisumbua kuliko hela, maana hela ikichelewa tunakula mihogo tunalala, lakini nyumba ambayo haijulikani nani mwenye kauli kila mtu anaingiza mkono wake.

Sisi tuko Muheza, mkoa wa Tanga hapa Tanzania, kijijini huku njia ya kwenda Amani, tunaishi kwa machungwa na pembeni mihogo na mahindi kidogo ya kula. Anayeijua Muheza anajua msimu wetu mkubwa, kuanzia kwenye mwezi wa tano mpaka wa nane hivi, malori yanatoka Dar na mengine yanatoka Kenya, na madalali wanapita shamba kwa shamba wakikagua miti kama wanakagua mahari. Dalali wa kwanza kuja baada ya mwenzangu kuondoka alizunguka shamba lote, akasifia, alafu akaniambia mama naomba namba ya mzee niongee nae bei. Yani mimi niliyelipa vibarua wa kufyeka, mimi ninayejua mti upi unazaa na upi umeshachoka, nimesimama mbele yake, anataka namba ya mtu aliyeko ng'ambo ya bahari. Nikamwambia bei naitaja mimi. Hakubishana, akaondoka, jioni nasikia kapita kwa shemeji yangu kaichukua namba na kashamtumia mwenzangu meseji.

Sasa hapa naomba mnielewe vizuri maana ndo kiini chenyewe. Dalali hakutafuta namba ya baba watoto kwa heshima. Aliitafuta kwa sababu baba watoto haoni. Alikuwa anataka kununua shamba zima kwa macho, machungwa bado machanga, anatoa hela ya jumla leo na mavuno yote yanakuwa yake. Ukiisikia ile hela ukiwa mbali, una deni la tiketi, una deni la wakala, inasikika nyingi sana. Ukiwa huku unaiona miti imebeba mpaka matawi yameinama unajua kabisa huyu anataka kunichukulia nusu ya mwaka wangu. Na nimekuja kugundua karibu wote wanaoniruka mimi wanampigia yeye ni hivohivo. Fundi anayetaka kuongezewa hela, jirani anayetaka kuazimwa kipande cha shamba, ndugu mwenye shida ambayo akinieleza mimi nitamuuliza maswali mawili matatu. Wanaenda kwa asiyeona.

Namshukuru Mungu kwa mume niliyenae. Alimjibu yule dalali kwa sauti ya WhatsApp na akanitumia na mimi, akasema shamba liko kwa mama watoto, akikwambia hapana ni hapana, mimi huku nilipo sioni hata chungwa moja. Dalali akarudi kwangu, tukauziana kwa kuhesabu, chungwa kwa chungwa wakati wa kupakia, na mimi nimesimama hapo hapo kwenye lori mpaka la mwisho. Ile sauti ninayo mpaka leo kwenye simu na nimeshawasikilizisha watu zaidi ya mmoja.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui ni jinsi miezi yetu inavyogongana. Mwenzangu anachomelea vyuma kwenye majengo, na miezi ya joto kali kule Muscat ni ya sita, wa saba, wa nane, yani ndani ya msimu wetu wa machungwa. Serikali ya Oman inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu, mwezi wa sita mpaka wa nane, kwahiyo hapo ndo anakuwa kivulini na simu mkononi anataka kuongea. Kwetu tuko nyuma saa moja, kwahiyo huku ni saa tano na nusu mpaka saa nane na nusu, wachumaji wako juu ya miti, lori linasubiri, mimi nina daftari mkononi nahesabu. Nilikuwa sipokei anapata mawazo, anaanza kuuliza watoto mama yenu yuko wapi. Tukakubaliana mchana ni meseji za sauti, kila mtu asikilize akipata nafasi, na kuongea kwenyewe ni usiku au Ijumaa ambayo kule ni mapumziko. Na kupiga kwenyewe kwa WhatsApp kule kunasumbua, kwahiyo watoto wamezoea kumuachia sauti, mdogo anamsomea hadi alichoandika shuleni, na baba yake anamjibu neno kwa neno. Kwa kweli nikisikiliza zile sauti zao moyo unatulia.

Ndugu sasa. Nawapenda ndugu wa mume wangu na nawaheshimu, mama mkwe ndo wa kwanza kuniletea mboga nikiumwa. Lakini mtu akiwa Uarabuni anageuka kisima cha ukoo. Mwanzoni kila mmoja alikuwa anampigia yeye moja kwa moja, huyu ada, huyu bati, huyu harusi, na yeye huko peke yake chumbani kwa watu anashindwa kusema hapana, anatuma, alafu mwisho wa mwezi mimi napokea kilichobaki na watoto hawajui kwanini. Hakuwa na ubaya, ni upweke tu, mtu akiwa mbali anaogopa kusahaulika kwao. Tukaongea sana. Tukapanga kwamba shida yoyote ya ndugu inapita nyumbani kwanza, na kuna fungu dogo la ndugu kila mwezi, likiisha limeisha mpaka mwezi ujao. Alimwambia mama yake mwenyewe kwa mdomo wake, akamwambia na kaka yake mkubwa. Hilo sikutaka nilisemee mimi, maana likitoka kwangu ni mke mchoyo, likitoka kwake ni utaratibu. Na fungu likiwepo nampelekea mama mkwe mwenyewe mkononi, siyo kwa simu.

Shamba nalo halingoji mtu. Tangu huyu inzi wa matunda mgeni aingie Afrika Mashariki, alionekana kwanza Kenya 2003, hakuna kulala. Anatoboa chungwa anataga ndani, nje unaona kidoti tu, ndani funza. Yanayodondoka lazima uyaokote na kuyafukia kwenye shimo refu, ukiyaacha chini funza wanaingia kwenye udongo na wanatoka inzi wapya. Kuokota ni kazi ya kuchosha mgongo na vibarua hawaipendi, wanataka kuchuma tu maana kuchuma ndo kuna hela, kwahiyo nikaamua malipo ya kufyeka na kuokota yanaenda pamoja, hukuokota hujamaliza. Hela ya vibarua natoa kwenye mkopo wa kikoba, wala siigusi ya Oman, narudisha tukishauza. Hivo ndo napenda, shamba lijilipie lenyewe, hela ya Oman iende kwenye nyumba na shule.

Nyumba tunajenga. Fundi wangu ni kijana mzuri wa kazi lakini alikuwa na tabia ya kusema nimeshaongea na mzee. Saruji imeongezeka, nimeshaongea na mzee. Dirisha limehama, nimeshaongea na mzee. Nikamwita mwenzangu Ijumaa moja, simu nikaweka sauti kubwa, tukakaa watatu, mwenzangu akamwambia mimi sina mifuko ya saruji huku, anayehesabu mifuko ni huyo hapo. Toka siku ile mzigo ukishuka tunahesabu pamoja, naandika, anasaini. Hajaongea na mzee tena mpaka leo na nyumba imefika kwenye linta.

Alafu makaratasi. Wanawake wenzangu hili msilipite. Mwenzangu kabla hajaondoka tulianza kushughulikia hati miliki ya kimila, ile inayotokana na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na tukaandika majina yote mawili. Mke na mume mnaruhusiwa kabisa kumiliki pamoja, unachotakiwa ni kusema wakati wa kujaza fomu, ukikaa kimya linaandikwa jina moja na wewe unabaki mke wa mwenye shamba. Na hata ambaye hana hati, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inasema nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzio. Nilikuwa nalijua hilo wakati jirani wa upande wa mtoni alipoanza kusogeza mpaka, ile minyaa ya zamani ikawa inakatwa mmoja mmoja. Nilienda kwa mwenyekiti wa kitongoji nikiwa na karatasi yangu, tukaenda baraza la ardhi la kijiji, hakuna aliyeniambia subiri mumeo arudi, maana jina langu lilikuwa pale. Mpaka ukarudi ulipokuwa na minyaa tukaipanda upya wazee wakishuhudia.

Sitaki muone kama ni mapambano tu. Kuna usiku mvua za masika zinanyesha, umeme umekatika, mtoto ana homa na njia ya bodaboda imejaa tope, hapo nalia. Na ukipata bodaboda ukarudi usiku, asubuhi kuna wanaoulizana yule alikuwa anatoka wapi. Nimeamua jambo kama hilo namtumia mwenzangu mimi mwenyewe kabla ya mtu yeyote, nikiwa njiani hukohuko, na naona linampa amani zaidi kuliko hela yoyote ambayo ningeibana. Na yeye siku anayoumwa ananiambia, hanifichi. Kuna Ijumaa tunaongea tunajikuta tumekaa kimya tu kila mtu anasikiliza mwenzie anapumua, bando linaisha na hakuna aliyesema kitu.

Dada mmoja wa hapa kijijini mume wake anaondoka mwezi ujao, kaniuliza aanzie wapi. Nilimwambia kabla ya begi, kabla ya kununua laini, waende wote wawili kwa mwenyekiti, kwa mjumbe, kwa wakwe, na kwa yule dalali wanayeuza nae kila mwaka, na mume aseme kwa mdomo wake mbele yao kwamba mambo ya nyumbani yanaishia kwa mke wake. Namba zake za Oman asigawe ovyo. Na fomu ya hati waijaze mume akiwa bado yupo, maana saini yake inahitajika na kuisubiri kutoka Muscat ni kazi. Kasema wanaenda kwa mtendaji Jumatatu, na mimi nimemwambia nitamsindikiza.