Komba wa Mwambani na jamaa zake wa Bukini (Madagaska)

Usiku komba huja kwenye mnazi wa nyuma ya nyumba yetu hapa Mwambani, Tanga, akalia kama mtoto mchanga. Bibi humkemea kutoka kitandani: "Mlevi wewe, umefuata tembo!" Wagema wa huku wote wanamjua.

Juzi mwanafunzi wangu wa kidato cha nne akaniuliza: "Madamu, komba na lemuri wa Bukini si mnyama mmoja?" Swali zuri sana, maana Wakomoro lemuri wao humwita komba. Ni jamaa kweli: pua mbichimbichi, meno ya chini ya mbele yamelala kama kitana. Lakini hesabu kromosomu, zile nyuzi za DNA ndani ya seli zinazobeba jeni, uone. Komba wetu mkubwa ana 62. Lemuri mwenye mkia wa pete 56, indri 40. Wale wa jenasi ya Lepilemur, wanyama wa usiku wanaofanana mno, wanaanzia 20 hadi 38.

"Sasa huyo wa 20 amepoteza nini?" akauliza mwanafunzi.

Kesho yake nikaenda darasani na kili mbili za Bibi, mikanda iliyosukwa kwa miaa, na shazia yake, sindano ya kushonea mikeka. Nikazishona ncha kwa ncha mbele yao. Zilikuwa mbili, sasa ni moja, miaa imepungua? Haikupungua. Kromosomu nazo hushikana hivyo, penye sentromia, sehemu iliyobanwa kama kiuno: idadi inashuka, jeni karibu zote zipo palepale.

Taabu huja kwenye kuzaa. Kromosomu zisizolingana hupata shida kupangana mbili mbili wakati wa kutengeneza mayai na mbegu, na chotara huweza kukosa uzazi. Lemuri wa kahawia ana 60, mwenye kola nyeupe ana 48. Zamani walihesabiwa spishi moja. Leo kila mmoja ana jina lake. Mtafiti Yves Rumpler wa Strasbourg, Ufaransa, alizihesabu kromosomu za lemuri kwa miaka mingi, na kazi ya namna hiyo, seli moja moja chini ya darubini, naiheshimu mno.

Ila idadi peke yake haitoshi. Lemuri wadogo wa Microcebus wana 66, huyu na yule, na bado ni spishi zaidi ya 15. Hao wametenganishwa zaidi kwa kusoma DNA yenyewe.

Ukili ule nimeuacha kabatini darasani, kidato cha tatu nao wauone. Bibi ameshaudai mara mbili. Jumamosi nitapita soko la Mgandini nimnunulie miaa mingine.