Mzee wa Miaka 19

Basi lilizima saa 1 jioni, mahali pasipo na nyumba wala taa. Kondakta akasimama mlangoni akasema ni dakika 10 tu. Tuliondoka pale saa 6 na nusu usiku. Nilitumikia miezi 24 kama mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lile ambalo wengi wanalijua kwa jina la Wamormoni, na saa hizo za kando ya barabara ndizo ninazozirudia moyoni kuliko hata siku za ubatizo.

Ilikuwa siku ya uhamisho. Kila baada ya wiki 6 hivi simu inapigwa: fulani anabaki, fulani anahama, mwenzi wako mpya, yaani mmisionari utakayetembea naye, ni fulani. Mimi nilikuwa nimekaa eneo langu la kwanza wiki 18, watoto wa mtaa nawajua kwa majina, ndipo nikaambiwa nifungashe. Katika misheni yetu hakuna kutembea peke yako, hata kufua mnakwenda wawili. Kwa hiyo nilisafiri na mmisionari aliyekuwa anaelekea upande huohuo, aliyenitangulia misheni kwa miezi mingi, na hapa nitamwita mwenzangu.

Tiketi zetu zilikuwa za viti vya mbele. Tulipopanda tukakuta watu wameketi, nao wana tiketi zenye namba zilezile. Aliyetukatia alituambia tupande tu, basi likiondoka kila mtu atakaa vizuri. Tuliishia kiti cha nyuma kabisa, cha watu watano, tukakaa saba, magoti kifuani, begi la vitabu mapajani, dirisha halifungi na mvua inaingia. Mpaka leo naona tulidhulumiwa. Kama viti vimejaa, mtu aambiwe mapema asubiri basi la kesho.

Ratiba yetu ilikuwa kuamka saa 12 na nusu asubuhi na kuzima taa saa 4 na nusu usiku. Katikati yake mnasoma maandiko, mnatoka, mnapiga hodi, mnafundisha, mnasaidia palipo na kazi ya mikono, mnarudi, mnapanga ya kesho. Niliipenda ratiba ile, ilinishikilia siku ambazo moyo ulikuwa mzito. Sasa saa 4 na nusu imenikuta nimesimama kwenye matope, soksi zimelowa. Rais wa misheni, kiongozi wetu sisi wamisionari, tulishampigia kumweleza tulipo, na simu imebakiwa na chaji kidogo. Nilikuwa na hasira. Niliomba, lakini niliomba kama mtu anayedai deni: Baba wa Mbinguni, niko kwenye kazi yako, basi hili na litembee.

Mwenzangu alijaribu kunituliza kwa habari za Samuel Smith, mdogo wake Joseph Smith mwanzilishi wa Kanisa letu. Huyo Samuel ndiye anayehesabiwa kuwa mmisionari wa kwanza wa Kanisa. Kitabu cha Mormoni, andiko letu takatifu pamoja na Biblia, kilitoka Machi 1830, na Juni mwaka huohuo Samuel akajaza nakala mkobani akatoka kwa miguu, akiwa na miaka 22. Siku ya kwanza hakuna aliyetaka kitabu chake. Jioni mwenye nyumba ya wageni alipokisikia ni kitabu gani akamtoa nje, naye akaenda kulala chini ya mti wa tufaha. “Sisi angalau tuna basi,” mwenzangu akasema. Nilimsikia, ila hasira haikushuka.

Jirani yetu alikuwa babu mmoja aliyeketi juu ya gunia lake chini ya ukingo wa basi. Akamulika kifua changu kwa tochi ndogo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasogea aisome beji yangu vizuri.

“Hapa wameandika Mzee.”

“Ndiyo, babu.”

“Una miaka mingapi?”

“Kumi na tisa.”

“Sasa kama wewe ni mzee, mimi ni nani?”

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi kuliko maswali yote ya dini. Nikamweleza kwamba kwetu Mzee ni ofisi, yaani cheo, katika ukuhani, ule tunaouita Ukuhani wa Melkizedeki. Nikamweleza kwamba mvulana akitimiza miaka 18 anaweza kuitwa atumike miezi 24, na kwamba dada zetu wanatumika miezi 18. Hatuchagui pa kupelekwa. Hatulipwi mshahara, gharama tunabeba sisi na familia zetu. Nilitegemea kwamba baada ya hapo ataniuliza habari za Mungu, na nilikuwa tayari, somo la kwanza lote nalijua kwa kichwa. Yeye akaniuliza habari za mama yangu.

“Anajua ulipo usiku huu?”

Nikamwambia hajui. Nampigia mara moja kwa wiki, siku yetu ya maandalizi, siku ya kufua na kusafisha nyumba. Nikaongeza kwamba hata hiyo ni neema, maana kabla ya Februari 2019 wamisionari walikuwa wanawapigia wazazi mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama.

“Ukimpigia unamwambia nini?”

Namsimulia tuliowafundisha, nikamjibu. Aliyebatizwa, aliyetufungia mlango, milima tuliyopanda.

“Na yeye anakwambia nini?”

Nilitafuta jibu nikalikosa. Mama hunisikiliza. Wiki 18 nilikuwa nimezungumza mimi, na yeye amesema “ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu” mpaka muda umekwisha.

Babu hakunibana. Alikaa kimya muda mrefu, mvua inagonga bati la basi, halafu akasema taratibu, “Mzee,” na aliniita hivyo kwa heshima kabisa, “mmemwombea dereva?”

Sikuwa nimemwona dereva. Babu akashusha tochi, nikaona nyayo mbili za ndala zimetokeza uvunguni. Alikuwa amelala chali kwenye matope tangu saa 1, tochi ameing’ata kwa meno, anafunga bomba la dizeli lililopasuka kwa kipande cha mpira wa tyubu. Abiria tulikuwa zaidi ya 50. Tulisimama pale tunalalamika, na kwa muda wote huo hakuna hata mmoja aliyemshikia taa.

Nilivua koti, mwenzangu akavua lake, babu akayapokea yote mawili. Tukaingia uvunguni, mmoja kulia, mmoja kushoto. Dereva alipoitoa ile tochi mdomoni alishindwa kuongea, taya limekakamaa. Neno lake la kwanza lilikuwa “juu kidogo.” La pili alituomba radhi kwa kutuchelewesha. Amelala matopeni, maji yanamwingia mgongoni, vidole vinavuja damu, na anatuomba radhi sisi. Nikashika tochi kwa mikono miwili ili isitikisike. Mwenzangu alishika ncha ya mpira, dereva akazungusha, akakaza, ukateleza, akaanza upya. Mara tatu. Dizeli ilinidondokea shingoni, na harufu yake haikutoka kwenye lile shati mpaka misheni ikaisha.

Injini ilipowaka watu walipiga makofi. Babu akaturudishia makoti yamekunjwa, makavu, alikuwa ameyakalia pamoja na gunia lake. Alishuka kabla hakujapambazuka. Mimi nilikuwa nimelala, na mwenzangu aliniambia babu alinigusa bega akakataa nisiamshwe. Sikumfundisha hata sentensi moja ya Kitabu cha Mormoni. Jina lake silijui.

Tulifika saa 3 asubuhi, nikapokewa na mwenzi wangu mpya, na juma lililobaki lilikwenda kwa kujifunza njia za eneo jipya.

Kilichobadilika ni shajara yangu. Mwanzoni niliandika niliyoyafanya: nyumba tulizopiga hodi, masomo tuliyotoa. Tangu usiku ule, kabla ya kuzima taa, niliandika mtu mmoja aliyenifanyia jambo siku hiyo. Mwanamke aliyetuonyesha njia akiwa na mzigo kichwani. Mtoto aliyetushikia mbwa. Mtu aliyekataa ujumbe wetu lakini akatuletea viti tupumzike. Kuna siku niliandika kurasa mbili na bado nikawa sijamaliza.

Katika Mafundisho na Maagano, kitabu chetu kingine cha maandiko, sehemu ya 59, kuna mstari unaosema kwamba Mungu anachukizwa na wasioukiri mkono wake katika mambo yote. Nimewafundisha watu mstari huo mara nyingi sana. Zamani nikiusoma nilikuwa nauwazia mkono ulio juu mbinguni. Siku hizi naona vidole vya dereva, kucha nyeusi kwa grisi, vinakaza mpira gizani.

Halafu kuna mashati. Nilikwenda misheni na mashati meupe 8, na ndani ya kola ya kila moja jina langu limeshonwa kwa uzi wa buluu, herufi ndogo, ili yasipotee yakifuliwa na ya wenzangu. Nimelisoma jina lile asubuhi baada ya asubuhi nikifunga tai. Nilipokuwa nalisugua lile shati la dizeli, ndipo nikafikiria kwamba kuna usiku Mama alikaa chini ya taa, macho yake yale yanayomsumbua, akalishona jina langu mara 8. Mimi usiku huo nilikuwa wapi? Pengine chumba cha pili, nimelala.

Jumatatu nikapiga. Akaanza kama siku zote, “Haya mwanangu, nisimulie.”

Nikamwambia leo anisimulie yeye. Akacheka, akasema huku hakuna jipya. Nikamuuliza macho yanaendeleaje, jana alilala saa ngapi, na yale mashati aliyashona lini. Kukawa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

“Una muda?” akaniuliza.

Nikamwambia ninao. Nikasikia anavuta kiti.