Ile 104 iliyotokea mara mbili

Hii nilikua Lamu, kwa ami yangu pale Langoni, siku ya pili tu tangu nifike, na badala ya kwenda Shela kuogelea nimekaa barazani na laptopu magotini naangalia pachi ya mtu, yaani kijirekebisho cha kodi ya programu. Jamaa wa kazini ati "iangalie dakika kumi tu, mistari michache". Dakika kumi zikanipeleka mpaka magharibi.

Postgres, ile programu ya kuhifadhi data, ukiiomba snapshoti ya miamala, yaani picha ya ipi imekwisha na ipi bado, inakupa kitu kama 100:110:100,104,107, kila namba ni ya muamala, chini ya 100 yote imekwisha, kuanzia 110 bado, na hizo za mwisho ndo ziko njiani. Tulikua tunazihifadhi kwenye jedwali letu la foleni. Sasa enzi hizo mara moja moja namba kama 104 ilikua inatokea mara mbili, kuhifadhi inakubali, balaa ulikua unakuja kuiona siku ya kurudisha bekapu, inagoma, ilitaka kila namba iizidi iliyotangulia.

Mimi na kiherehere changu nikaanza komenti ndefu, kwamba pachi inaondoa tu namba iliyojirudia, inaficha ugonjwa, mbona tusizuie huko inakotoka. Ami akauliza nagombana na nani. Nikamweleza nilivyoweza, kuna muamala wa awamu mbili, kwanza unatayarishwa ndo baadaye unathibitishwa, na ukishatayarishwa unamwacha aliyeuanzisha unakwenda kungoja peke yake, na katikati ya kuhama unaonekana pande zote mbili. Ami kaendesha boti za Mokowe miaka, hata hakufikiria.

"Si kama abiria anaevuka boti kwa boti, mguu huku mguu kule. Ukihesabu saa hiyo utamwandika mara mbili. Bora hivyo mwanangu, kuliko asiandikwe popote."

Nikafuta komenti yote. Maana ukiutoa muamala huku kabla hujauweka kule, kuna nukta haumo popote, na anaesoma saa hiyo atajua umekwisha kumbe bado, hapo data inaharibika na hakuna anaelia.

Nikaisoma pachi upya, safari hii kwa adabu. Kumbe inalinganisha namba na jirani yake kabla hazijapangwa, kwa hiyo 104,100,104 inapita hivyohivyo. Na snapshoti za zamani hakuzigusa, bekapu za nyuma zingegoma vilevile. Nikamwandikia panga kwanza ndo uondoe, na wakati wa kusoma ikikutwa iliyojirudia irukwe tu.

Toleo la pili lilikuja usiku, nimeshakula mkate wa mofa. Nikaingiza 100:110:100,104,104,107, ikatoka 104 moja. Nikageuka nimwambie ami, kashalala zamani.